Kufuli Jekundu la Rubeni

Mtu asiyesahau kitu, siku akisahau, hasahau kidogo. Rubeni alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi wa laini za umeme pale Lushoto, na alijua nguzo ipi imeanza kuliwa na mchwa na ipi imeegemea shamba la nani. Akitoka nyumbani asubuhi alirudi tena mlangoni kuhakikisha jiko limezimwa, ingawa jiko lenyewe, tangu mkewe afariki, aliliwasha kwa nadra sana. Chakula alikula kwa Esta.

Esta alikuwa na kibanda cha chakula karibu na geti la karakana ya umeme. Alipika wali, maharage na kabichi, na siku ya soko alipika nyama. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mgwashi, mwepesi wa kicheko na mwepesi zaidi wa maneno, na mafundi wote walimwogopa kidogo kwa sababu alijua udhaifu wa kila mmoja wao na hakuona taabu kuutangaza mbele ya wateja. Rubeni alikuja daima wa mwisho, wenzake wakishaondoka. Alikula polepole, kisha akaipeleka sahani mwenyewe kwenye beseni na kuiosha. Esta alimwacha aoshe kwa muda mrefu bila kusema neno. Siku moja akamwambia, "Rubeni, mwanaume anayeosha vyombo vyangu kila siku, ama anataka kazi ama anataka mwenye kazi. Sema kimoja nijipange." Rubeni akasema anataka cha pili. Alisema huku amelikodolea macho beseni, lakini alisema.

Tatizo lilikuwa Emanueli, kaka yake Esta, fundi seremala na mzee wa usharika kule Mgwashi. Emanueli hakumchukia Rubeni. Ingekuwa chuki, watu wangekaa wakasuluhishwa, wakala, yakaisha. Yeye aliogopa, na hofu haina mwamuzi.

Kristofa, marehemu mume wa Esta, naye alikuwa fundi wa laini. Alifia juu ya nguzo huko bara, akimfanyia kazi mkandarasi mmoja, kwa sababu mtu aliyekuwa chini alidhani mafundi wote wameshashuka, akawasha. Ni hivyo tu, alidhani. Rubeni alikuwa katika kundi lile lile, nguzo tatu mbele. Ndiye aliyekaa mbele katika gari lililomleta Kristofa nyumbani Mgwashi, akiwa ameipakata kofia ya kazi ya marehemu mapajani, na Emanueli ndiye aliyelipokea gari barabarani. Tangu siku hiyo Emanueli akimwona Rubeni, analiona gari. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huwezi kumlaumu.

Rubeni naye alitoka kwenye msiba ule na jambo moja lililomshika mpaka leo, nalo ni kufuli. Utaratibu ni kwamba fundi anayepanda kwenye laini iliyozimwa hufunga kufuli lake mwenyewe kwenye mkono wa swichi, kule laini ilikozimiwa. Wakipanda watano, yanakuwa makufuli matano, na kila mmoja ana ufunguo wake mfukoni, mmoja tu, usio na pacha. Likibaki hata kufuli moja, mkono wa swichi haupandi na umeme hauwaki. Kuna mahali utaratibu kama huo ni tangazo la ukutani. Pale Lushoto ulikuwa dini, na mchungaji wake alikuwa Rubeni.

"Kufuli lako ni wewe," aliwahubiria mafundi wageni. "Likining'inia pale, wewe uko juu. Halifunguliwi na rafiki, halifunguliwi na bosi. Unalifungua wewe, kwa mkono wako, ukiwa umesimama chini."

Walishamwiga mpaka kikohozi chake. Kufuli lake lilikuwa jekundu, na jina lake alikuwa ameliandika juu yake kwa rangi nyeupe, kwa herufi za mtu asiyetaka mjadala.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Umeme wa milimani kwa miaka mingi ulikuwa wa kuvizia. Ulipanda kwa njia moja tu, na mwaka wowote mvua za masika zikiangusha mti mmoja juu ya waya, vijiji vyote vilivyo mbele ya mti huo vinarudi kwenye mishumaa. Ndipo ukaja mradi wa njia ya pili. Waya mpya ulianzia Magoma huko chini, ukapanda kwa kupitia Bungu, ukaja kukutana na ule wa zamani Mgwashi, ili mmoja ukianguka mwingine ubebe. Siku ya kuziunganisha njia hizo mbili ilipangwa Jumamosi. Gari la matangazo lilipita likisema umeme utakatwa asubuhi na utarudi saa kumi jioni.

Na Jumamosi hiyo hiyo, baada ya Esta kumbembeleza kaka yake mwaka mzima, Emanueli alikubali kupokea posa, saa tisa alasiri.

Injinia Scholastica, msimamizi wa kazi, alimwambia Rubeni apumzike siku hiyo. Rubeni akakataa. "Njia hii nimeingoja tangu nina nywele nyeusi, Injinia. Halafu nguzo ya mwisho iko juu ya nyumba ya huyo shemeji. Nikimaliza nashuka, nabadilisha nguo, nimefika."

Ulikuwa mpango mzuri, na kosa liliingilia hapo hapo kwenye uzuri wake. Kila siku, kazi ikiisha, kundi zima hupanda gari kurudi kwenye swichi, kila mtu akafungua lake. Swichi ilikuwa njiapanda, mwendo wa gari kutoka pale. Lakini siku hiyo kichwa cha Rubeni kilikuwa kimejaa posa, na alipotia mguu chini ya nguzo ya mwisho, miguu ilielekea ilikoitwa.

Suleimani alikuwa akimngoja migombani na suti mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa mshenga wake, muuza spea wa Lushoto aliyezaliwa Tanga mjini, rafiki wa miaka mingi, na maneno yake yote aliyaunga kwa nazi. Rubeni alibadilisha nguo huku Suleimani akimfundisha namna ya kukaa. Vitu vya mfuko wa ovaroli akavihamishia kwenye suti kimoja kimoja, kitambaa cha jasho, kitana na ufunguo, kwa sababu haachi kamwe ufunguo kwenye nguo ambayo hajaivaa. Angeusahau kwenye ovaroli angekuwa na kisingizio. Aliushika, akautia mfukoni, akaupigapiga kwa kiganja, na bado hakuuona. Mganga hajigangi.

Gari la kazi likapita na wenzake wakampigia honi na vigelegele. Hawakumwita. Walidhani atakuja swichini kwa pikipiki ya Suleimani kabla ya kuingia kwa wenyeji. Walidhani, neno lile lile.

Sebuleni kwa Emanueli kulikuwa na kiti cha mkulo, mti wa mbao ngumu wa milimani, alichokichonga yeye mwenyewe, kizito, chenye mikono. Kwa ukoo wao, anayekuja kuposa hukalishwa kwenye kiti hicho. Hasemi, husemewa na mshenga. Na akishakaa hanyanyuki mpaka apewe jibu. Akinyanyuka kabla, amejiondoa mwenyewe na harudi tena. Esta, kama ilivyo desturi, alikuwa jikoni na hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Alikuwa na miaka arobaini na minane na alikaa kule nyuma ya pazia kama msichana wa kipaimara, akijiziba mdomo asicheke.

Shangazi Evodia, dada wa marehemu baba yao, alipita na kikapu akakusanya simu zote na kuzizima. "Posa haina haloo," alisema, akakisukuma kikapu chini ya meza.

Suleimani akakohoa, akaanza. "Wazee wetu, shikamooni kwa mara nyingine. Tumekuja kwa miguu ya heshima na mikono ya unyenyekevu. Tumepita, tumeona ua katika bustani yenu, ua bichi lenye umande."

"Ua lina wajukuu wawili," Shangazi Evodia akasema. "Endelea."

Suleimani aliendelea, na kwa haki yake aliendelea vizuri, mpaka Emanueli alipoinua kiganja.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," Emanueli alisema. "Rubeni sina neno baya juu yake. Ni mcha Mungu, ni mpole, na dada yangu anamtaka. Hilo halifichiki, maana tangu asubuhi ameunguza vitu viwili. Lakini mimi nilisimama pale barabarani siku ile. Nilimsikia Esta alivyolia. Sasa mnaniletea mtu wa kazi ile ile. Mkinihakikishia jambo moja tu, kwamba sitalipokea gari lingine, nawapa jibu hata kabla ya chai."

Hapo palihitaji kimya. Suleimani hakujaliwa kimya.

"Mzee wangu," alisema, "Rubeni si fundi wa kubahatisha. Huyu hasahau. Itazame hiyo taa juu yako. Amezifunga nyaya zake kwa mikono yake, sasa hivi, juu ya paa lako. Imesemwa saa kumi, na saa kumi itawaka. Isipowaka, sisi tutaondoka wenyewe, hamna haja ya kutufukuza."

Mdomo uliponza kichwa, na siku hiyo kichwa kilikuwa cha mwingine. Emanueli aliitazama taa, akatazama saa ya ukutani. "Basi tuingoje saa kumi," alisema, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu sasa taa ndiyo ingejibu badala yake.

Wakangoja. Chai ikaletwa, ikapoa. Karakanani, nyuma ya nyumba, mashine ya randa ya Emanueli ilikuwa imeachwa swichi yake imewashwa tangu asubuhi, ikimngoja mwenye kuipa nguvu. Saa kumi ikafika na taa ikabaki vile vile. Ikapita. Shangazi Evodia, ambaye moyo wake ulikuwa laini kuliko ulimi wake, akasema huenda saa ile inakimbia.

Rubeni alikuwa akiikagua laini nzima kichwani. Kila kiungo alikigusa tena, kila kikombe cha kushikia waya, kila nati, na havikuwa na kasoro. Jasho likamtoka. Akatia mkono mfukoni atoe kitambaa, na pamoja na kitambaa ukatoka ufunguo, ukaanguka kwenye sakafu ya saruji mbele ya kiatu chake.

Akaukanyaga. Ndivyo alivyofanya, mtu mzima na suti yake. Aliuwekea kiatu juu, akatazama mbele.

Sasa aliona yote. Aliiona swichi kule njiapanda, makufuli manne yamefunguliwa na moja jekundu linaning'inia. Alimwona Scholastica amesimama pale na simu isiyopokewa. Aliwaona kina mama wamepanga ndoo za mahindi kwenye mashine ya kusaga, na muuguzi wa zahanati akiitazama friji ya chanjo. Na alimwona Esta, ambaye yuko hatua chache nyuma ya pazia, na ambaye angemkosa kwa kunyanyuka tu. Kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa, Rubeni alifikiri kukaa. Jibu lilingoja taa, taa ilingoja ufunguo, ufunguo ulimngoja yeye, na yeye alingoja jibu. Alizunguka hivyo mara kadhaa asipate mlango. Halafu akamkumbuka Kristofa, na mtu yule aliyedhani, akaona kwamba anachokifanya kiatu chake hakina tofauti kubwa na kudhani kule.

Akainama, akauokota ufunguo, akanyanyuka.

"Kaa, ndugu yangu," Suleimani alinong'ona kwa uchungu. "Kaa, kaa."

"Naomba radhi," Rubeni alisema. "Taa haijawaka kwa sababu yangu. Kufuli langu liko kwenye swichi kule njiapanda, na ufunguo wake ni huu. Nimesahau. Hakuna mtu mwingine anayeweza kulifungua."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka na kuzunguka muda mrefu kabla ya kutulia.

"Umenyanyuka," Emanueli alisema.

"Nimenyanyuka."

"Unajua maana yake."

"Naijua, kaka. Esta nampenda, na sidhani kama nitampenda mwingine, umri wenyewe huu. Lakini mlima wote hauna umeme na wenzangu wananingoja barabarani. Siwezi kuendelea kuukalia ufunguo."

Pazia likafunguliwa. Esta alitoka bila kuitwa, mikono ina unga, macho yamelowa, na Shangazi Evodia alianza kusema kitu kuhusu desturi kisha akakiacha. Esta alimtazama Rubeni na ile suti iliyombana mabegani.

"Nenda," alimwambia. "Chakula nitakifunika."

Emanueli akachukua kofia yake ukutani. "Nakwenda naye," alisema. "Hilo kufuli nataka kuliona kwa macho yangu."

Hawakufika mbali. Gari la kazi lilikuwa linapanda kwa kasi, likasimama mbele yao na Scholastica akashuka. Alikuwa mwanamke kijana, vumbi mpaka kwenye nyusi, na ilionekana wazi kwamba amejaa hasira. Hata hivyo alianza na salamu.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia.

Kisha akamwendea Rubeni, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Akamtazama uso. "Uko mzima?"

"Niko mzima, Injinia. Nilisahau."

"Simu."

"Ziko kwenye kikapu."

Scholastica alivuta pumzi ndefu, na hapo tu ndipo alipoiachia mikono ile. "Mzee Rubeni, Jumatatu nitakusema mpaka utamani kustaafu. Panda gari."

Scholastica aliendesha, na Emanueli alikaa mbele kando yake, kofia yake mapajani. Akauliza, "Binti yangu, kufuli ni kufuli. Kwa nini hamkulikata? Mimi nina msumeno wa chuma, dakika mbili tu."

"Halikatwi, mzee, mpaka mwenyewe aonekane amesimama kwa miguu yake."

"Lakini wenzake si walikwambia ameshuka?"

"Waliniambia. Mimi sikumwona. Na kule Tanga kwenye chumba cha kuongozea umeme hawakumsikia." Alipinda kona kabla ya kuendelea. "Wamenipigia watu wakubwa leo, mzee. Kila mmoja anauliza kwa nini milima haina umeme. Nimewajibu wote kwamba kuna kufuli moja. Wakubwa kwa wadogo, walikaa kimya wakangoja."

Kwenye swichi mafundi wanne walikuwa wameketi kwenye mawe, na hakuna aliyemcheka Rubeni, jambo lililomuumiza kuliko kicheko. Kufuli lilikuwa pale peke yake. Emanueli alilisogelea. Alilishika kwa vidole vyake vya useremala, akalipima uzito kama anavyopima bawaba, akalisoma lile jina jeupe mara mbili. Lilikuwa kufuli la kawaida, la kufungia hata banda la kuku. Akapisha.

Rubeni alilifungua. Scholastica akampa redio.

"Tanga, hapa Mgwashi."

"Nani anazungumza?" sauti ikauliza, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti chake kwa muda mrefu.

"Rubeni."

"Uko wapi, Rubeni?"

"Niko chini. Nimesimama ardhini. Kufuli langu nimelifungua mwenyewe."

"Mungu ashukuriwe," sauti ikasema, ambayo si sehemu ya utaratibu. Kisha ikawaita wale wengine wanne, kwa jina, na kila mmoja akajibu kwa kinywa chake kwamba yuko chini. Scholastica akaupandisha mkono wa swichi. Ng'ambo ya bonde mashine ya kusaga ikaanza kulia, na watoto wakapiga kelele za furaha kutoka nyumba ambazo hazikuonekana.

Emanueli alikuwa amevua kofia. Alisimama akiutazama waya, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Yaani wote wale," alisema, "walikaa wakimngoja mtu mmoja aseme yuko chini."

"Ndiyo, kaka," Rubeni akasema.

"Kristofa hakungojwa."

"Hakungojwa."

Waliporudi walikaa nyuma ya gari wote wawili, bega kwa bega, na mabonde ya barabara yakiwarusha walishikana mikono bila kuona haya.

Nyumbani walikuta kishindo. Ile randa iliyoachwa imewashwa ilikuwa imeamka na umeme na sasa ilinguruma peke yake karakanani, na Shangazi Evodia alikuwa amesimama mbele yake na ufagio, akiiamuru kwa Kishambaa inyamaze. Suleimani alikuwa nyuma ya shangazi. Emanueli aliizima, akaingia sebuleni. Taa ilikuwa inawaka ingawa jua lilikuwa bado halijazama, na hakuna aliyethubutu kuizima.

Rubeni alibaki mlangoni.

"Kaa," Emanueli alimwambia, akionyesha kiti cha mkulo.

"Nilishanyanyuka, kaka."

"Kiti nimekichonga mimi. Nimesema kaa."

Rubeni akakaa. Emanueli naye akakaa, akaweka kofia gotini. "Niliomba mnihakikishie kwamba sitalipokea gari lingine," alisema. "Hakuna binadamu anayeweza kunihakikishia hilo, na mimi nilikuwa mjinga kuliomba. Lakini leo nimeona mlima mzima unazimwa kwa ajili ya roho moja. Nimeona injinia anakagua viganja vya mtu kabla ya kumgombeza. Huyu angekuwa mtu asiyesahau, nisingejua hata kama hilo kufuli lipo." Akageukia pazia. "Esta, toka. Ingawa umeshatoka."

Esta alitoka, safari hii amenawa mikono.

"Unamtaka?"

"Namtaka," Esta alisema. "Tangu sahani ya tatu." Kisha akamgeukia Rubeni. "Ufunguo huo upo mmoja?"

"Mmoja tu."

"Sitaki unipe nikutunzie. Nimeelewa kwamba ni wako. Ila ukirudi kazini uuning'inize mahali ninapopaona."

"Msumari nitakuja kuupigilia mwenyewe," Emanueli akasema, na Suleimani, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko alivyopata kukaa maishani, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti na hakunyamaza mpaka chakula kilipofunuliwa.

Walioana kabla ya mvua za vuli. Emanueli alishuka Lushoto na nyundo yake, akaupiga msumari kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akaurudia mpaka uliporidhisha, kwa sababu ni seremala. Masika yaliyofuata mti mkubwa uliangukia waya wa zamani. Njia ya pili ikabeba, na kule Mgwashi watu waliendelea kusaga na kuranda bila kujua kwamba kuna kitu kimekatika. Rubeni na wenzake walikuwa huko juu mvuani tangu mchana, wakiutoa mti.

Jioni Esta alikaa jikoni chini ya taa iliyotulia kabisa. Alikuwa amepika, amepakua, amefunika. Majirani waliopita walimkuta ameukazia macho msumari mtupu, na walipomkaribisha kwao alikataa, akasema ana mtu wa kumngoja. Jirani mmoja akamwambia ale tu, mume atakuta chake, maana umeme umesharudi zamani.

"Haukukatika," Esta alisema. "Ila yeye bado yuko juu."

Mlango ulipofunguliwa Rubeni alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akaufuta maji kwa kidole gumba, akautundika. Esta akausikiliza ukigonga mbao. Kisha akafunua chakula, wakala.